Mikroroboti za sumaku na seli hai: fizikia yake ni ipi, na shule ya Mtwara inaweza kufanya nini?

Mwalimu wa Mikindani aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu. Ninafundisha fizikia katika shule ya sekondari huku Mikindani, na nina wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na biolojia), waliovutiwa mno na habari za roboti zenye ukubwa wa mikromita chache (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), ambazo huongozwa kwa sumaku ili zishike, zibebe na kupanga seli hai moja moja. Wanataka mada hiyo iwe mradi wao wa maonesho ya sayansi. Sipendi kuwakatisha tamaa, lakini pia sitaki wapeleke bango lenye picha za kupendeza lisilo na fizikia yoyote nyuma yake.

Wamenibana kwa maswali ambayo vitabu vyetu havijibu. Mmoja ameuliza kwa nini tusiisogeze seli yenyewe kwa sumaku kali, hasa seli nyekundu za damu ambazo kila mtu anajua zina madini ya chuma. Mwingine ameuliza kwa nini picha zote anazoziona zinaonesha roboti yenye umbo la parafujo, badala ya kipande cha chuma kinachovutwa tu kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Swali lililonisumbua mimi mwenyewe ni la kibiolojia zaidi: roboti ikishaishika seli, huiachiaje bila kuipasua, na tunajuaje kwamba seli hiyo bado ni hai?

Maabara yetu ina hadubini za kawaida zinazokuza hadi mara 400, sumaku chache, betri na nyaya. Je, kuna jaribio la kweli linaloweza kufanyika kwa vifaa hivyo, ambalo litakuwa na uhusiano halisi na mada hii?

Uga Tuli (Lindi) alijibu:

Mwalimu, shikamoo kama umenizidi umri. Maswali ya wanafunzi wako ni mazuri kuliko wanavyodhani, kwa sababu yanagusa mambo ambayo watafiti wenyewe waliyahangaikia kwa miaka mingi.

Nianze na damu. Ni kweli kwamba himoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani ya seli nyekundu, ina atomi za chuma, lakini chuma kilichofungwa ndani ya molekuli hakina tabia ya msumari. Wanakemia Linus Pauling na Charles Coryell walionesha mwaka 1936 kwamba himoglobini iliyobeba oksijeni haivutwi na sumaku bali husukumwa kwa udhaifu mkubwa, ilhali ile iliyoachia oksijeni huvutwa, nayo kwa udhaifu. Kani hiyo ni ndogo mno kiasi kwamba sumaku ya mezani haitasogeza seli nyekundu kwa namna ambayo mwanafunzi ataiona. Seli nyingine nyingi za mwili ndiyo kabisa, kwani zinatenda karibu sawa na maji yanayozizunguka. Udhaifu huo, hata hivyo, ndio faida yetu: kwa kuwa tishu na maji haviuzuii uga wa sumaku (eneo ambamo nguvu ya sumaku inafanya kazi) wala haviuhisi sana, tunaweza kuweka kitu cha sumaku karibu na seli, tukakiongoza kutoka nje, na seli isiathiriwe na uga wenyewe.

Sasa parafujo. Tukitumia kani ya kuvuta, yaani tukitegemea uga ulio mkali upande mmoja na dhaifu upande mwingine, kani hiyo hulingana na ujazo wa kitu kinachovutwa. Ukinzani wa maji kwa kitu kidogo kiendacho polepole hulingana na nusu kipenyo chake. Punguza ukubwa mara 10: kani inashuka mara 1,000, ukinzani unashuka mara 10 tu, na mwendo unabaki sehemu moja ya mia ya ule wa awali. Waambie wanafunzi wako waifanye hesabu hii wenyewe ubaoni, kwa kuwa ndiyo inayoeleza kwa nini sumaku inayokusanya unga wa chuma kwa urahisi huonekana mvivu inapokutana na chembe ya mikromita moja.

Njia ya pili hutumia uga ulio sawasawa kila mahali lakini unaozunguka. Uga wa namna hiyo hauvuti kitu. Hukigeuza tu ili ncha zake zifuate mwelekeo wake. Ikiwa roboti ina umbo la parafujo na imetiwa usumaku wa kukatisha mhimili wake, uga unapozunguka nayo huzunguka, na mzunguko hubadilika kuwa mwendo wa kusonga mbele. Ukigeuza upande wa mzunguko, inarudi nyuma. Ukiinamisha mhimili wa uga, inakata kona. Mwendo huongezeka kadiri mzunguko unavyoharakishwa, lakini una kikomo: ukizidisha, ukinzani wa maji huishinda roboti, ikaachwa nyuma na uga, na kuanza kutikisika badala ya kuzunguka.

Kwa nini isiwe mkia wa kupiga huku na huku kama wa samaki? Mwanafizikia Edward Purcell alilieleza jambo hili mwaka 1977. Kwa kiumbe mwenye ukubwa wa bakteria, mnato wa maji ndio unaotawala na inesha, yaani tabia ya kitu kuendelea na mwendo wake, haina nafasi. Bakteria akiacha kujisukuma leo, atasimama ndani ya umbali mdogo kuliko kipenyo cha atomi. Katika hali hiyo, mwendo wowote unaojirudia kwa kufuata njia ile ile ya kwenda na kurudi haumfikishi mtu popote, hata kama kwenda ni haraka na kurudi ni polepole. Purcell alitoa mfano wa chaza mwenye bawaba moja: kila anachokipata anapofunga, hukipoteza anapofungua. Ili kusonga, unahitaji mzunguko wa parafujo au mkia unaopinda kama wimbi. Bakteria wengi walishaichagua parafujo. Mwaka 1973 Howard Berg na Robert Anderson walionesha kwamba flajela za bakteria, yaani nyuzi wanazoogelea kwazo, huzunguka kweli, wala hazipigi kama mjeledi.

Watafiti wa Paris walijaribu ule mkia unaopinda mwaka 2005: waliunganisha chembe za sumaku kwa nyuzi za DNA, wakatengeneza mkia unaopinda, wakaufunga kwenye seli nyekundu ya damu na kuusogeza kwa uga unaobadilika. Kwa maoni yangu hilo ndilo jaribio ambalo wanafunzi wako wangelianza nalo kwenye bango, kwa kuwa linaonesha kwa mara moja seli, sumaku na tatizo la mnato. Mwaka 2009 zikaja parafujo zenyewe: kundi la Bradley Nelson la ETH Zurich, na Ambarish Ghosh pamoja na Peer Fischer waliotengeneza parafujo za silika zilizopakwa kobalti, zenye urefu wa mikromita chache tu. Nyuga walizotumia zilikuwa za militesla chache (tesla ni kipimo cha ukali wa uga), yaani chini ya ile inayotoka kwenye sumaku ndogo inayobandikwa mlangoni mwa friji ukiigusa kwa karibu.

Hadubini Lindi alijibu:

Mwalimu, na kaka Uga Tuli, nawasalimu. Mimi ni mteknolojia wa maabara ya hospitali, kwa hiyo niacheni nizungumzie seli, maana naona fizikia imepata mtu wake.

Katika kazi hii, kuifikia seli si kazi ngumu sana ikilinganishwa na kuiachia. Katika ukubwa wa mikromita, uzito karibu hauhesabiki, na kani za kugandamana za juu ya nyuso ndizo zenye sauti ya mwisho; seli hung'ang'ania chombo kilichoishika kama ugali laini unavyong'ang'ania vidole vya asiyelowesha mkono. Ndiyo maana watafiti wengi hawakushughulika na koleo lenye meno mawili, bali walibuni njia za kusukuma, kuzingira au kuzungushia mkondo wa maji. Roboti yenye umbo la sanduku lisilo na upande mmoja huizunguka seli na kuisukuma mbele. Ikirudi kinyumenyume, seli hubaki ilipo. Nyingine hazigusi kabisa: chembe inayozungushwa mahali pamoja hufanya kimbunga kidogo cha maji ambacho huikamata seli jirani na kwenda nayo, na mzunguko ukisimama seli inakuwa huru. Vioo navyo hupakwa protini ya albumini ili seli na roboti zisigandame chini.

Mfano ninaoupenda ni wa Dresden, Ujerumani, wa mwaka 2016. Watafiti walitengeneza parafujo za polima zilizopakwa nikeli na titani, zenye tundu la kutosha mkia wa mbegu ya kiume ya ng'ombe ambayo ni hai lakini haiwezi kuogelea. Parafujo huvaa mkia, kichwa kinabaki mbele, na uga unaozunguka huisukuma mbegu hadi kwenye ukuta wa yai. Kuachia ni kugeuza upande wa mzunguko tu, parafujo ikajichomoa. Kazi hiyo iliishia kwenye ukuta wa yai. Asiwepo mtu wa kuwaambia wanafunzi kwamba tayari watoto wamezaliwa kwa njia hiyo.

Kuhusu uhai wa seli, wanafunzi wengi hufikiria kuumizwa kwa kubanwa, lakini hatari za kimya ni nyingine. Koili zinazopitisha mkondo hupata joto, na joto hilo likifika kwenye seli za mamalia zilizozoea nyuzi 37, zikakaa juu ya nyuzi 42 au 43 kwa muda, zitakufa hata kama hakuna kilichozigusa. Tone dogo juu ya slaidi hukauka, na maji yakipungua chumvi huzidi, seli zikanywea. Kwa joto letu la pwani jambo hilo hutokea upesi kuliko vitabu vya ughaibuni vinavyodokeza. Kisha kuna nikeli, ambayo ni sumaku nzuri lakini ni sumu kwa seli, na ndiyo sababu ya lile tabaka la titani. Oksidi ya chuma ina heshima zaidi kwa upande huu, hata imo kwenye dawa ya kuongeza chuma mwilini iitwayo ferumoksitoli, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2009. Ili kuthibitisha kwamba seli ni hai, sisi hutumia rangi ya bluu ya tripani: seli iliyokufa huiruhusu rangi iingie, seli hai huizuia nje.

Niongeze jambo la karibu na nyumbani, kwa kuwa sumaku na seli hukutana hata katika malaria. Kimelea anapokula himoglobini ndani ya seli nyekundu, huacha fuwele za rangi ya kahawia ziitwazo himozoini, ambazo chuma chake huvutwa na sumaku kuliko kile cha himoglobini yenye oksijeni. Maabara za utafiti wa malaria hupitisha damu kwenye safu iliyojazwa nyuzi au mipira ya chuma ndani ya uga mkali, seli zenye vimelea waliokomaa zikanaswa na zile zisizo na vimelea zikapita. Hapo hakuna roboti yoyote, lakini ni seli hai inayoshikwa kwa sumaku, na kwa watoto wa Mtwara na Lindi, ambao malaria hawakuisoma kwenye kitabu tu, mfano huu una uzito wake.

Mjukuu wa Newala alijibu:

Nimesoma kwa makini, lakini niruhusuni niwe mgumu kidogo. Mbegu ya kiume imekuwa ikiingizwa ndani ya yai kwa sindano ya kioo tangu watoto wa kwanza wa njia hiyo walipotangazwa mwaka 1992 kutoka Brussels. Arthur Ashkin naye alishika bakteria kwa mwanga wa leza katika miaka ya 1980, na akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Kama sindano inafanya kazi na mwanga unafanya kazi, hizi roboti za sumaku zinaongeza nini zaidi ya picha za kuvutia? Isije ikawa tunawafundisha vijana kushangilia kifaa badala ya kuuliza kinatatua tatizo gani.

Uga Tuli (Lindi) alijibu:

Swali lako ni la haki, ndugu, na sitalijibu kwa kusema kwamba sindano imepitwa na wakati, kwa sababu haijapitwa. Pale ambapo seli iko kwenye sahani iliyo wazi, mbele ya mtaalamu mwenye mkono uliozoea, sindano bado ndiyo inayoshinda. Mwanga wa leza una usahihi wa ajabu, lakini kani yake ni ndogo mno, unahitaji njia iliyo wazi ya kuona, na ukikolezwa sana hupasha joto na kuharibu seli unayoishika.

Sumaku huongeza mambo mawili. La kwanza ni kufanya kazi ndani ya chombo kilichofungwa, mahali sindano haipiti. Kundi la Fumihito Arai la Japani lilitengeneza vifaa vidogo vya sumaku vinavyokaa ndani ya mfereji wa chipu ya kioo na kuendeshwa na sumaku za kudumu zilizo chini yake, vikishika na kukata mayai ya wanyama huku mtetemo wa mawimbi ya sauti yasiyosikika ukipunguza msuguano na sakafu ya mfereji. Kwa kani waliyoipata, leza isingefua dafu. La pili ni kwamba uga hupenya mwili. Sylvain Martel wa Montréal aliongoza mpira wa chuma wa milimita 1.5 ndani ya ateri ya shingo ya nguruwe aliye hai mwaka 2007, akitumia mashine ya MRI yenyewe, ile ya hospitali inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, kama kiendeshi. Sindano haiwezi kuendeshwa hivyo.

Lakini nakubaliana nawe katika jambo moja zito: nyingi ya kazi hizi bado ziko kwenye sahani za maabara na kwenye wanyama wa majaribio. Bango litakalosema vinginevyo litakuwa linawadanganya wazazi watakaolisoma.

Mwalimu wa Mikindani aliandika:

Nawashukuru sana nyote, na nimelazimika kuchapisha majibu ili wanafunzi wayasome darasani. Hesabu ya kani na ukinzani imezua mjadala mkali, na imesaidia kuliko somo lolote nililowahi kutoa kuhusu mnato. Bado naomba msaada kuhusu jaribio lenyewe. Hatuna leza ya kuchonga parafujo za mikromita, wala sitaki kushughulika na damu ya binadamu mbele ya wanafunzi. Je, kuna seli yoyote ambayo tunaweza kuiongoza kwa sumaku tukaiona kwa hadubini ya mara 400?

Uga Tuli (Lindi) alijibu:

Ipo, Mwalimu, na uwezekano ni mkubwa kwamba unaikanyaga kila unaposhuka kwenye matope ya Mikindani maji yakiwa yamekupwa. Mwaka 1975 Richard Blakemore alieleza bakteria waishio kwenye matope ambao hutengeneza ndani ya mwili wao mnyororo wa fuwele za magnetaiti, madini ya chuma yenye usumaku. Mnyororo huo huwageuza kufuata uga wa dunia, nao hujisukuma wenyewe kwa flajela. Wanapatikana kwenye matope ya baharini na ya maji baridi sehemu nyingi duniani, hasa pale ambapo oksijeni inaanza kwisha. Watafiti wa mikroroboti wamewachukua kwa uzito: mwaka 2016 kundi la Martel lilitumia bakteria wa aina hiyo kupeleka dawa kwenye uvimbe wa saratani wa panya, kwa kuwa bakteria hao, baada ya kuelekezwa kwa sumaku, hutafuta wenyewe sehemu zenye oksijeni kidogo kama zile za ndani ya uvimbe.

Chukueni matope ya juu pamoja na maji ya hapo hapo, mjaze chupa pana ya kioo, matope yakiwa theluthi moja, na mwiache mahali penye kivuli ikiwa na kifuniko kilicholegezwa. Bandikeni ncha ya kusini ya sumaku kwenye ukuta wa chupa, sentimita moja hivi juu ya matope, na ncha ya kaskazini upande wa pili, kisha baada ya nusu saa hadi saa moja mnyonye maji ya karibu na kila ncha kwa pipeti. Sisi tuko kusini mwa ikweta ya sumaku, ambako wengi wao huogelea kuelekea kusini, kwa hiyo tarajieni mavuno tofauti kati ya pande hizo mbili; tofauti hiyo peke yake ni matokeo ya kuandikwa. Wekeni tone kwenye slaidi, leteni sumaku pembeni, na vidoa vinavyokwenda vitakusanyika ukingoni mwa tone. Chupa ya kwanza isipotoa kitu, badilisheni mahali pa kuchota.

Kwa kuongoza hasa, tengenezeni koili mbili zenye nusu kipenyo cha sentimita 10, kila moja mizunguko 100 ya waya wa shaba wenye vanishi wa milimita 0.5, ule ambao mafundi wa kusuka mota wanao. Kila koili itakula takribani mita 63 za waya. Zikiunganishwa kwa mfululizo, ukinzani wake ni kama omu 11, na betri ya volti 12 itatoa mkondo wa karibu ampea 1. Zikiwa zimetenganishwa kwa sentimita 10, uga wa katikati ni takribani militesla 0.9; jukwaa la hadubini likizuia, mkazisogeza hadi sentimita 16, utabaki kama militesla 0.6. Uga wa dunia huku kwetu ni mikrotesla thelathini na kidogo, kwa hiyo hata hapo mtakuwa mmeushinda zaidi ya mara 15. Wekeni swichi ya kugeuza mkondo. Mkiigeuza, bakteria watapiga kona na kurudi walikotoka, na mwanafunzi mwenye saa ya kusimamisha na skeli ya hadubini anaweza kupima mwendo wao.

Hadubini Lindi alijibu:

Naongeza mambo ya usalama na jaribio moja la kulinganishia. Wanafunzi wavae glavu, wasinyonye pipeti kwa mdomo, na matope yaliyotumika yamwagiwe dawa ya klorini kabla ya kutupwa, kwa kuwa matope ya pwani huwa na wengine zaidi ya hao tunaowatafuta. Mkondo uwashwe kwa vipindi vifupi ili koili zisilipashe joto tone.

Jaribio la kulinganishia ni hili: gawanyeni sampuli mara mbili, na moja muiwekee formalini kidogo (dawa inayoua na kuhifadhi seli), kazi ambayo wewe Mwalimu uifanye mwenyewe mahali penye hewa. Bakteria waliokufa wataendelea kugeuka kila mnapobadilisha mkondo, kwa kuwa magnetaiti yao haijaenda popote, lakini hawatasonga kuelekea upande wowote. Walio hai watageuka na kusonga. Kwa hiyo wanafunzi watakuwa wameonesha kwa macho kile ambacho kaka Uga Tuli amekieleza kwa hesabu, kwamba uga ulio sawasawa hugeuza lakini hauvuti, na watakuwa na namna yao ya kutenganisha seli hai na mfu bila rangi ya tripani. Wapime mwendo wa pande zote mbili, wachore grafu moja, na hiyo ndiyo ikae katikati ya bango.